BOM: huduma ya hali ya hewa niliyoipangia safari ya otamu, Hobart mpaka Cairns

Jamani kama unapanga kuja Australia kati ya Machi na Mei, msimu wa otamu (autumn), na unataka kuzunguka upande wa mashariki, kabla hujabuku hata chumba kimoja fungua kwanza Bureau of Meteorology, huku kila mtu anaiita BOM tu. Ni idara ya serikali ya hali ya hewa, ipo tangu 1908, kazi yake ni ile ile ya TMA kule kwetu Tanzania, ina tovuti na ina apu ya simu inaitwa BOM Weather, na zote ni bure. Mi naishi Brisbane na hii ndo nimeitumia kupanga safari ya familia kuanzia Hobart kule chini kabisa, kwenye kisiwa cha Tasmania, mpaka Cairns, kaskazini ya Queensland, na naiandikia kwa kirefu kwa sababu ndugu wengi wanaokuja kututembelea wanaangalia ile apu iliyokuja na simu, wanaona kawingu na matone siku zote saba, basi wanakata tamaa kabla hata hawajafunga begi.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu niliyokata nitaieleza.

Kwanza uelewe ukubwa wa jambo lenyewe. Watu wanasema "hali ya hewa ya Australia mwezi wa nne ikoje?" na swali hilo halina jibu hata kidogo. Cairns iko nyuzi 17 kusini mwa ikweta, karibu sawa na Harare. Sydney iko sawa na Cape Town. Melbourne na Hobart ziko kusini zaidi ya ncha ya mwisho ya Afrika, yaani ukishuka Hobart uko nyuzi 43 kusini, hapo bara letu limeshaisha zamani. Kutoka Brisbane mpaka Cairns peke yake ni kama kilomita 1,700 kwa barabara, Sydney mpaka Brisbane ni zaidi ya 900 na Sydney mpaka Melbourne ni karibu 900 tena. Sasa msimu mmoja, huku wanaita otamu kwa maana ya Machi, Aprili na Mei, unakuta watu wawili wako nchi moja siku moja, mmoja anakimbia mvua ya kitropiki na mwingine anakwangua barafu kwenye kioo cha gari asubuhi.

Kinachonifanya niipende BOM kuliko apu nyingine zote ni takwimu zake za miaka mingi. Kuna sehemu inaitwa Climate Data Online, unachagua kituo, unapata kila mwezi mvua ni kiasi gani, joto la juu, joto la chini, siku ngapi za mvua. Hapo ndo pa kuanzia miezi sita kabla, sio utabiri. Chukua Cairns. Machi kwa wastani inapata zaidi ya milimita 400 za mvua, Aprili inashuka mpaka kama 200, Mei inakuwa chini ya 100, halafu joto la mchana halipungui sana, kutoka nyuzi 30 na kitu mpaka 27 au 28. Sasa geukia Hobart. Machi mchana ni kama nyuzi 20, Aprili 17 au 18, Mei 14 au 15, na usiku ndo usiseme. Ukiweka hizo karatasi mbili pembeni kwa pembeni ratiba inajiandika yenyewe: anza kusini Machi, panda kaskazini taratibu, fika Cairns mwezi wa tano. Watu wengi wanafanya kinyume, wanatua Cairns Machi kwa sababu tiketi ni rahisi, wanalowa wiki nzima, halafu wanafika Tasmania Mei na sweta moja.

Na hapo kwenye takwimu kuna kitu kimoja naomba usikiruke. Kila mwezi wanakupa wastani, na pembeni wanakupa ile ya katikati, median. Upande huu wa mashariki angalia ya katikati. Tuseme miaka mitano mwezi fulani umepata milimita 40, 50, 60, 70 na mwaka mmoja wa mafuriko 480. Wastani unakuja 140, ukiona hivyo unasema mwezi huu haufai. Kumbe mwaka wa katikati ni 60, na miaka minne kati ya mitano ilikuwa safi kabisa. Pwani yote kuanzia Sydney kupanda juu iko hivyo, miaka mingi ya kawaida halafu mwaka mmoja unaomwaga kila kitu. 2022 Sydney ilipata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka mzima, rekodi, na mwisho wa Februari mwaka huo huo mto pale Lismore ulipanda zaidi ya mita 14 ukameza mji. Miaka kama hiyo imo ndani ya wastani unaousoma, inauvuta juu.

Sababu ya kusini kwanza si namba tu. Kuna mkanda wa hewa nzito, ule wa high pressure, ambao kiangazi unakaa chini kabisa kusini mwa bara halafu otamu unaanza kupanda kaskazini. Mkanda huo ukiwa bado kusini Machi, unazuia mikanda ya baridi kutoka bahari ya kusini isifike mara kwa mara, kwa hiyo Melbourne na Tasmania zinapata siku za jua lililotulia, upepo mdogo, asubuhi baridi kidogo mchana safi. Kadiri mkanda unavyopanda, mlango wa kusini unafunguka na baridi inaingia, na wakati huo huo kaskazini unaleta pepo kavu za kusini mashariki na mvua za kitropiki zinaondoka. Yaani wewe unapanda nao. Ukiangalia ramani ya BOM ya mgandamizo wa hewa, ile yenye mistari ya duara na herufi H na L, utauona mkanda wenyewe, ukishajua kuusoma unaelewa kesho yako kabla hata ya kusoma maneno.

Na jua nalo lihesabu. Hobart mwanzoni mwa Machi jua linazama karibu saa mbili usiku, mwishoni mwa Mei linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, hapo hata kama mvua haijanyesha nusu ya siku yako imeshaliwa na giza. Jumapili ya kwanza ya Aprili saa zinarudishwa nyuma kule kusini, Queensland wao hawabadilishi kabisa. Kwa hiyo Machi ukiwa mpakani mwa New South Wales na Queensland, Tweed Heads na Coolangatta, miji imegusana, ukivuka mtaa umebadilisha saa. Utabiri wa BOM unaandikwa kwa saa za mahali husika, zingatia hilo kama unapima muda wa kufika kabla mvua haijaingia.

Sasa kuna gharama ya hii ratiba na nisiifiche: ukianza kusini Machi unakosa majani. Rangi zile nyekundu na njano watu wanazozitafuta, Canberra zinaanza kushika katikati ya Aprili, Bright kule Victoria mwisho wa Aprili mpaka mwanzo wa Mei, na Tasmania kuna mti mdogo wa milimani wanauita fagus, ndo mti wa asili wa huku unaopukutisha majani kipindi cha baridi, nao unageuka rangi karibu na Anzac Day, tarehe 25 Aprili, Cradle Mountain na Mount Field. Kama kilichokutoa nyumbani ni hayo majani basi geuza, nenda kusini wiki ya mwisho ya Aprili, beba nguo nzito, kisha ruka na ndege moja kwa moja kwenda Cairns Mei. Mi nikipima joto la mchana, bahari na urefu wa siku bado nasema Machi kusini, lakini mwenye moyo wa majani simlaumu, nimeyaona Leura kule Blue Mountains mwisho wa Aprili, mtaa mzima unawaka.

Bahari hapa inachelewa kupoa, hiyo pia watu hawaijui. Sydney maji yanakuwa ya moto zaidi Februari na Machi, na Aprili bado ni kama nyuzi 22, kwa hiyo unaweza kuta nje unavaa jaketi jioni lakini mchana unaogelea vizuri tu.

Nije kwenye utabiri wa mbali. BOM wana sehemu ya long range, wiki zijazo mpaka miezi mitatu, wanakwambia mfano uwezekano wa asilimia 65 kwamba mvua itazidi ile ya katikati. Ona wanarudi kwenye ile ile ya katikati, ndo maana nilisema usiiruke. Asilimia 65 haina maana itanyesha kila siku, ina maana kete zimeegemea upande mmoja. Na ujue kitu kimoja, otamu ndo kipindi kigumu zaidi cha mwaka kutabiri mambo ya El Niño na La Niña, kwa sababu Pasifiki ndo inajipanga upya wakati huo, utabiri unaovuka Aprili na Mei huwa dhaifu na wanasayansi wenyewe wanasema hivyo wazi. Kwa hiyo mi naitumia kuamua mambo ya kubadilisha bila hasara, mfano kuchukua vyumba vinavyokubali kukanseli, sio kuamua niende au nisiende.

Hapo hapo kuna kitu kinachotugusa sisi wa Afrika Mashariki. BOM wanafuatilia pia ile Indian Ocean Dipole, tofauti ya joto la bahari kati ya upande wetu na upande wa Indonesia. Upande wetu ukiwa wa moto kuliko kawaida, vuli yetu inamwaga na Australia inakauka. 2019 ndo ilikuwa hivyo kwa nguvu, Kenya na Somalia na Tanzania mafuriko Oktoba mpaka Desemba, huku moto unaunguza misitu mwezi kwa mwezi. Bahari ni moja, mwenzako akilowa wewe unaungua. Kwa otamu yenyewe haina nguvu sana kwa sababu huwa inaanza kuamka kuanzia Mei, ila mimi kila nikisoma ile taarifa yao nawapigia wa nyumbani.

Vimbunga sasa. Msimu rasmi ni tarehe 1 Novemba mpaka 30 Aprili, kwa hiyo miezi miwili ya otamu imo ndani. Sio stori za kutishana: Larry alipiga Innisfail Machi 2006, Debbie alipiga karibu na Airlie Beach tarehe 28 Machi 2017 akiwa daraja la nne kati ya matano, na Machi 2025 Alfred akaja mpaka huku kwetu Brisbane, mahali ambapo watu walishasahau vimbunga. Alifika nchi kavu tarehe 8 akiwa ameshapungua nguvu, lakini mchanga wa fukwe za Gold Coast ulikatwa kama ukuta na nyumba mamia ya maelfu zikakosa umeme. Ile wiki nzima mtaani kwetu watu walikuwa wanaangalia ramani moja tu, ile ya BOM yenye mstari wa njia ya kimbunga na kivuli pembeni. Kile kivuli ndo cha kuangalia, sio mstari. Mstari ni makadirio ya katikati, kivuli ndo eneo ambalo kinaweza kupita, na watu wanakosea wanasema "mstari hautugusi" wakati wamekaa katikati ya kivuli.

Taarifa zao za kimbunga ziko ngazi mbili. Watch maana yake upepo mkali unaweza kukufikia ndani ya saa 24 mpaka 48, warning ni ndani ya saa 24. Kwa mafuriko nako, Flood Watch inatoka mapema kabisa, siku kadhaa kabla, kukwambia mabonde fulani yanaweza kujaa, halafu Flood Warning inakuja na mito yenyewe kwa majina na ngazi tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Kwa msafiri mi naona Flood Watch ndo ina thamani zaidi maana bado una muda wa kugeuza gari. Ikishafika warning barabara inaweza kuwa imeshafungwa. Februari 2025 kule karibu na Ingham maji yalivunja daraja la Ollera Creek, na Bruce Highway, ambayo ndo barabara kuu pekee ya pwani kwenda Cairns, ikakatika. Hamna njia ya mkato hapo, mzunguko wake ni wa mamia ya kilomita kupitia bara.

Sasa utabiri wa siku saba, ambao ndo watu wengi wanausoma vibaya. Utaona "chance of any rain" asilimia 70, halafu chini yake milimita 0 mpaka 2. Mgeni anaona 70 anafuta safari ya bichi. Ile asilimia inahesabu kupata angalau milimita 0.2, na siku nzima, kuanzia saa sita usiku mpaka saa sita usiku inayofuata. Milimita 0.2 hata nguo kwenye kamba hazilowi. Kwa hiyo soma zote mbili pamoja: asilimia 70 na milimita 0 mpaka 2, nenda, beba kijaketi. Asilimia 70 na milimita 15 mpaka 40, hiyo siku ya makumbusho. Halafu fungua saa kwa saa, mara nyingi pwani mvua iko alfajiri na usiku, mchana peupe. Wakiandika "showers" ni yale manyunyu ya kupita, yananyesha mtaa huu yanaruka ule, wakiandika "rain" ni mvua ya kutulia inayofunika eneo zima, na hizo mbili zinataka mipango tofauti.

Rada ndo kipenzi changu. Unachagua umbali, kwenye tovuti ya zamani ilikuwa kilomita 512, 256, 128 au 64, picha zinacheza mfululizo unaona mvua inavyotembea. Tulikuwa sheli moja pale Gin Gin, magharibi ya Bundaberg, mbele tuna kipande kirefu kwenda Miriam Vale, mbingu zimefunga upande wa bahari. Nikafungua rada ya Gladstone, nikaweka 128, nikaona mstari wa njano na katikati doa jekundu linaingia nchi kavu. Nikaangalia picha ya kwanza na ya mwisho, doa limesogea kama upana wa kidole gumba, nikalinganisha na ule mduara wa kilomita, nikapata litakuwa juu ya barabara ndani ya dakika ishirini hivi na nyuma yake hamna kitu, peupe. Nikamwambia mume wangu tukae tunywe chai. Tukanywa chai na mikate ya nyama, malori mawili yakaondoka yakaingia humo humo. Mvua ikafika mpaka pale sheli, bati likapiga kelele hatusikilizani, halafu kimya. Tukaondoka kwenye lami inayotoa mvuke.

Ila rada ina mipaka yake nayo uijue. Mwale wake unapanda kadiri unavyoenda mbali, kwa hiyo mvua nyepesi ya mawingu ya chini ikiwa mbali na mnara inaweza isionekane kabisa, na milima inaziba. Upande wa bahari wa milima kuanzia Cairns kwenda Tully mvua inazalishwa na mlima wenyewe, upepo wa bahari unapanda unamwaga hapo hapo. Tully wamejenga gambuti la dhahabu la mita 7.9 kwa sababu 1950 walipata milimita 7,900 za mvua kwa mwaka mmoja, unapanda ngazi ndani yake mpaka juu. Mji kama ule hata Mei usisubiri siku kavu, nenda na koti la mvua ufurahie maporomoko.

Upande wa bahari fungua utabiri wa marine, hata kama kwenye apu unauona wa kwanza ni wa nchi kavu. Hili kwa mtu anayetaka kuona Great Barrier Reef ni muhimu kuliko mvua. Kuanzia Aprili pepo za kusini mashariki zinakaza huko kaskazini, jua linawaka vizuri, picha ya utabiri ina jua tupu, lakini bahari inaruka. Upepo wanauandika kwa noti, noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa. Chini ya noti 15 mi naenda na watoto, ikiwa 20 mpaka 25 utatapika ukiwa njiani na chini ya maji patakuwa na vumbi la mchanga, na kuanzia 26 wanatoa onyo la upepo mkali. Kampuni moja ya boti tuliyobuku nayo, sitaitaja, haikutuambia neno mpaka tumefika gatini asubuhi ndo wanatuambia safari imefutwa, wakati onyo la BOM lilikuwa limetoka tangu jana yake mchana. Hela walirudisha, siku haikurudi. Tangu hapo nasoma marine mwenyewe na nabuku boti mwanzo wa siku zangu za pale, ili ikifutwa nina siku za kusogeza. Na Mei bado ni msimu wa wale viwavi wa baharini wanaochoma, jellyfish, unahesabiwa Novemba mpaka Mei, kwa hiyo ogelea kwenye wavu au vaa ile suti nyembamba wanayokodisha.

Baridi nayo isidharauliwe. Mama mkwe wangu alitoka Tanga, tukapita naye Hobart. Asubuhi namwambia, "Mama, vaa na hili la juu." Ananiambia, "Mwanangu, jua lote hili?" Jua lilikuwepo kweli, utabiri umeandika nyuzi 19, lakini chini yake ile "feels like" ilikuwa 11 kwa sababu ya upepo. Alivaa, na tulipofika juu ya mlima ule wa kunanyi, mita 1,271 juu ya usawa wa bahari, alinishika mkono akasema bora ulivyonilazimisha. Mlimani pale theluji inaweza kudondoka mwezi wowote na barabara ya kileleni inafungwa. BOM wana hata onyo la wafugaji wa kondoo, linatoka pale baridi, mvua na upepo vikija pamoja kiasi cha kuua kondoo walionyolewa. Mimi naliheshimu sana lile onyo, kwa sababu kama kondoo yuko hatarini basi mtoto kwenye kihema yuko hatarini pia. Canberra Mei alfajiri wastani ni kama nyuzi 3, na kushuka chini ya sifuri ni kawaida, kwa hiyo ukikodi kampavani uliza kama hita inafanya kazi gari likiwa limezimwa. Melbourne we vaa nguo kwa matabaka tu, upepo wa kaskazini wa moto asubuhi, mkanda wa baridi ukipita mchana joto linaanguka nyuzi kumi ndani ya saa moja, na utabiri wao wa saa kwa saa huwa unaonyesha huo mgeuko unakuja saa ngapi.

Sasa hiyo nusu nyota. Kwanza lugha. Yote ni kwa Kiingereza na ni Kiingereza cha wataalamu, na huku Queensland na Victoria kuna wazee wetu wengi kutoka Kongo na Burundi wanaongea Kiswahili, onyo la mafuriko wanasomewa na wajukuu. Ningependa siku moja maonyo makubwa angalau yapatikane kwa Kiswahili kwenye apu. Pili, Oktoba 2025 walibadilisha tovuti nzima, watu wengi wakalalamika hasa kuhusu rada mpaka rangi za zamani zikarudishwa, kwa hiyo maelekezo mengi utakayoyakuta kwa watu ni ya tovuti ya zamani, usishangae vitufe haviko pale walipokuambia. Tatu, BOM wanakwambia mvua na mto, barabara hawakwambii. Kwa barabara ni QLDTraffic ukiwa Queensland na Live Traffic NSW ukiwa New South Wales, fungua zote pamoja. Ukikuta maji yamepita juu ya lami usivuke hata kama yanaonekana ya kifundo, huku wana msemo wao wa serikali, ikiwa imefurika isahau, na kila mwaka watu wanakufa ndani ya magari. Namba ya dharura ni 000, msaada wa mafuriko na miti iliyoanguka ni SES 132 500.

Na ukikodi gari soma mkataba kabla. Kuna kampuni ya kampavani iligoma kutuongezea siku moja bila faini wakati barabara imefungwa kwa maji, wanasema hali ya hewa si tatizo lao. Nyingine nilizouliza baadaye zina kipengele cha barabara kufungwa, ziko, ila lazima uulize kwa maandishi.

Vipande virefu vya Bruce Highway simu haishiki. Kwenye apu weka miji yote unayopita kwenye orodha na ruhusu maonyo ya eneo ulipo, kisha kabla ya kutoka mjini piga picha ya skrini ya utabiri, ya rada na ya maonyo, na weka redio ya gari kwenye stesheni ya eneo hilo ya ABC, shirika la utangazaji la taifa la huku, maana wao ndo wanasoma maonyo ya BOM hewani na kila mkoa una masafa yake. Ukifika kila mji mpya uliza masafa pale pale kaunta ya sheli unapolipia mafuta.